Ndugu wawili jukwaani: Shepard, Fugard au Miller kwa kikundi cha Kiswahili Uganda?

Kikundi kinachoigiza kwa Kiswahili hapa Uganda kikitaka mchezo wa ndugu waliotengana, hakikosi pa kuchagua. Kinachokosekana ni mtu wa kukaa nacho chini akakieleza kila mchezo unadai nini. Walimu wa Kiswahili huniuliza, vijana waliokulia kambi za polisi za Naguru na Nsambya huniuliza, na vikundi vidogo vinavyokodi ukumbi kwa usiku mmoja pia. Basi nauandika ushauri wangu wote mahali pamoja.

Naweka mezani michezo mitatu: True West wa Sam Shepard (1980), Blood Knot wa Athol Fugard (1961) na The Price wa Arthur Miller (1968). Yote ina ndugu wawili wa kiume waliofungiwa ndani ya nyumba moja, na nyuma yao yuko mzazi aliyewaharibu au aliyewaachia jambo wasiloweza kulimaliza. Msimamo wangu sitauficha hadi mwisho. Kwa watazamaji wengi wa Uganda ningechagua Miller. Hata hivyo kuna vikundi ambavyo ningevisihi visimguse, na vingine ambavyo Fugard ndiye wao kabisa.

Jambo la kwanza la kujiuliza ni kile ambacho ndugu hawa wanagombania, kabla hata ya kuhesabu waigizaji na shilingi. Kwa Shepard, kila mmoja anayatamani maisha ya mwenzake. Kwa Fugard, ugomvi umeletwa na serikali ukaingizwa ndani ya chumba chao kupitia rangi ya ngozi. Kwa Miller, wanagombania swali ambalo kila familia ninayoijua Kampala imewahi kulijadili kwa sauti ya chini baada ya mazishi: nani alibaki na mzee, na aliyeondoka anadaiwa nini?

True West: jiko la mama

Austin ni mwandishi wa miswada ya filamu, mtu wa mke na watoto. Yuko katika nyumba ya mama yao, kwenye kitongoji mashariki ya Los Angeles, akimwagilia maua wakati mama kasafiri kwenda Alaska. Kaka yake mkubwa, Lee, anazuka kutoka jangwani bila taarifa. Huyu ni mwizi wa vyombo vya majumbani. Saul, mtayarishaji wa filamu, anapokuja kuzungumza na Austin kuhusu kazi yake, Lee anaingia amebeba televisheni ya wizi, anamteka mgeni kwa habari za gofu, na siku ya pili mswada unaotakiwa ni wa Lee, mtu asiyeweza hata kukaa na kuandika ukurasa mmoja. Kuanzia hapo ndugu wanabadilishana nafasi. Mstaarabu anakunywa na kuiba, mhuni anahangaika na taipureta.

Kuna onyesho moja ambalo waongozaji vijana wote hulipenda. Usiku Austin amezunguka kwa majirani na kuiba tosta. Asubuhi amezipanga jikoni, anazing'arisha moja moja, kisha anaanza kubanika mkate ndani yake huku Lee akiipondaponda taipureta kwa fimbo ya gofu. Vipande vya mkate vinaruka, harufu inatoka jukwaani hadi safu ya nyuma. Mtazamaji anacheka, halafu anaogopa, kwa sababu anaona nyumba ya mama inakwenda na maji na hakuna hata mmoja wao anayejali.

Sasa fikirieni onyesho hilo Kampala. Tosta zisizofanya kazi hazina maana hapa, kwa kuwa harufu ndiyo inayobeba tukio, na tosta kadhaa zikiwashwa pamoja zinakula umeme mwingi kuliko nyaya za kumbi nyingi tunazozimudu zinavyoweza kubeba. Umeme ukikatika katikati, hamna tena onyesho. Jenereta italeta mwanga, lakini ngurumo yake itafunika sauti za nyenje na mbwa mwitu wa jangwani ambazo Shepard ameziandika zisikike nje ya dirisha, zikizidi kadiri usiku unavyoharibika. Kikundi kisicho na fundi umeme wa kuaminika kisithubutu.

Nguvu ya mchezo huu kwa vijana wetu iko mahali ambapo Mmarekani hawezi kupaona. Lee hawezi kuandika filamu, lakini anaweza kuisimulia: wanaume wawili wanakimbizana kwa magari hadi mafuta yanaisha, kisha kwa farasi, usiku, anayekimbizwa hajui anakoenda na anayemkimbiza hajui anapelekwa wapi. Anaisimulia kwa mdomo, kwa mikono, kwa mwili mzima. Watazamaji waliokulia kwenye vibanda vya video vya Kampala, ambako VJ husimama na kuisimulia filamu nzima juu ya sauti za waigizaji, watamwelewa Lee mara moja. Wamezoea kuamini filamu inayotoka mdomoni mwa mtu. Kijana mwenye kipaji cha namna hiyo akiipata nafasi ya Lee, ukumbi utakuwa wake.

Kinachonitia wasiwasi ni mama. Anarudi mapema kutoka Alaska, anakuta maua yamekauka, jiko limekuwa jaa, na punde tu mwanawe mmoja anamkaba mwenzake shingo kwa waya wa simu. Hapigi mayowe. Anazungumza habari za Picasso, eti yuko mjini na inafaa waende kumwona, kisha anatoka kutafuta pa kulala kwingine. Shepard anataka tumwone mama aliyejitenga na nyumba yake muda mrefu sana hata damu ya wanawe haimshtui. Kwetu mwigizaji wa kike atashawishika kulia na kuingilia kati, kwa sababu mama yeyote anayemjua angefanya hivyo, na akifanya hivyo mchezo unakuwa mwingine kabisa. Akibaki baridi kama alivyoandikwa, baadhi ya watazamaji watacheka vibaya na wengine watakasirika. Mimi naona afadhali wakasirike. Mwongozaji awe tayari kumtetea mama huyo tangu siku ya kwanza ya mazoezi, la sivyo achague mchezo mwingine.

Mchezo huu umekuwa maarufu zaidi kwa waigizaji wake kuliko kwa hadithi yake. Gary Sinise na John Malkovich walijulikana New York mwaka 1982 kwa kuucheza, na mwaka 2000 Philip Seymour Hoffman na John C. Reilly walipokezana: leo huyu Austin, kesho huyu Lee. Hata kama hamtabadilishana mbele ya watu, badilishaneni kwenye mazoezi. Mwigizaji wa Austin ambaye hajawahi kuonja utamu wa kuwa Lee hatajua kwa nini anataka kumfuata jangwani.

Blood Knot: chumba kimoja, ngozi mbili

Huu unataka waigizaji wawili, basi. Chumba kimoja katika mtaa wa mabanda wa Korsten, Port Elizabeth, mji ambao tangu 2021 unaitwa rasmi Gqeberha. Morris na Zachariah ni wa mama mmoja, baba tofauti. Morris ana ngozi nyepesi kiasi cha kuweza kupita kama Mzungu. Zachariah ni mweusi, hajui kusoma, na mchana kutwa husimama kwenye lango la bustani ya umma kuwazuia weusi wenzake wasiingie. Morris aliwahi kuondoka, amerudi, na sasa ndiye anayepanga maisha ya wote wawili kwa saa ya kengele. Wanaweka akiba ili siku moja wanunue shamba.

Mchezo unaanza kwa jambo dogo ambalo nawaomba mlifanye polepole sana. Saa inalia, Morris anaamka, anachemsha maji, anayatia katika beseni na kuchanganya chumvi ya kuloweka miguu. Zachariah anarudi kazini na miguu iliyochakaa, anaketi, anaitumbukiza. Upendo wote wa ndugu hao, pamoja na ubwana wa mmoja juu ya mwingine, umo katika beseni hilo kabla hawajazungumza lolote zito. Mwongozaji anayeliharakisha beseni hilo amepoteza nusu ya mchezo.

Kisha Zachariah anataka mwanamke, Morris anampa mbadala: rafiki wa barua. Morris ndiye anayesoma na kuandika. Ikaja kugundulika kwamba Ethel, binti wanayemwandikia, ni Mzungu, na anasema atakuja kuwatembelea. Akiba ya shamba inanunua suti ya Morris, ili yeye akutane na Ethel badala ya ndugu yake. Baadaye barua inakuja kwamba Ethel amechumbiwa, hatakuja. Suti imebaki. Ndipo wanaanza kuchezea ile suti, mmoja bwana Mzungu na mwingine mtumishi, na mchezo wao unageuka kuwa ukatili wa kweli hadi saa ya kengele inapolia na kuwarudisha.

Fugard mwenyewe alicheza Morris mwaka 1961 huko Johannesburg, na Zakes Mokae akacheza Zachariah. Mweupe na mweusi kwenye jukwaa moja. Miaka michache baadaye serikali ya ubaguzi ikapiga marufuku jambo hilo. Mwaka 1985 walirudi kuucheza tena, New York, wakitumia andiko lililofupishwa. Fugard amefariki Machi 2025.

Kwa upande wa gharama, huu hauna mpinzani. Beseni, kitanda, jiko la mafuta ya taa, saa ya kengele, suti. Suti mtaipata kwenye mitumba ya soko la Owino, na muitafute ile inayomkaa Morris vizuri kupita kiasi, kwa sababu inapotoka kwenye boksi watazamaji lazima waamini kwamba ndani yake amezaliwa mtu mwingine. Chezeni darasani, kanisani, chini ya mwembe. Umeme ukikatika, washeni taa ya chemli, mchezo utaendelea, pengine kwa uzuri zaidi.

Ugumu uko kwenye ngozi. Mtampata wapi Morris? Baadhi ya vikundi vitamtafuta kijana chotara, na hilo linafaa ikiwa ni mwigizaji bora, si vinginevyo. Vingine vitachagua weusi wawili, mmoja maji ya kunde na mmoja mweusi tititi. Mimi naiunga mkono njia hii ya pili hapa Uganda. Watazamaji wetu wanajua vizuri jinsi weupe kidogo unavyohesabiwa. Wanaona mafuta ya kujichubua yakiuzwa mchana kweupe. Hawatahitaji Mzungu jukwaani ili wajue Zachariah anaumia wapi. Ninachokataa ni kumpaka Morris unga au rangi usoni. Hapo watu watacheka, na wakishacheka mmeupoteza mchezo.

Jingine ni umbali wa historia. Kijana wa miaka 20 Mbale au Arua ameusikia ubaguzi wa Afrika Kusini shuleni tu. Hapo mna kitu cha kumwambia kabla pazia halijafunguliwa: wapiganaji wa ANC, chama kilichopambana na ubaguzi huo, walipolazimika kuondoka Angola mwaka 1989, walipokelewa Uganda na kupiga kambi Kaweweta, Nakaseke. Historia ile ilikaa na kulala kwenye ardhi yetu. Maelezo mafupi ya namna hiyo kwenye karatasi ya ratiba yatasaidia kuliko kuingiza maelezo ndani ya mazungumzo ya wahusika.

The Price: kiti cha baba

Victor Franz ni polisi wa New York anayekaribia miaka 50. Anastahili kustaafu, lakini hathubutu. Amefika darini, katika jengo la zamani la Manhattan linalongoja kubomolewa, kuuza samani za marehemu baba yao. Mkewe, Esther, anataka bei nzuri, na zaidi anataka maisha mengine. Mnunuzi ni Gregory Solomon, mzee anayekaribia miaka 90, mjanja, mwenye huzuni zake. Walter, kaka mkubwa wa Victor, ni daktari wa upasuaji mwenye jina. Ndugu hawa hawajazungumza kwa miaka 16.

Chanzo ni 1929. Soko la hisa lilipoporomoka, baba yao aliyekuwa tajiri alibaki hana kitu. Walter aliendelea na masomo. Victor, mdogo, aliyekuwa na akili ya sayansi, aliacha chuo, akaingia polisi, akambeba baba. Walter alituma dola 5 kwa mwezi. Siku moja Victor alihitaji dola 500 tu ili amalize masomo, Walter hakumpa.

Kama ingekuwa hivyo tu, tungepata mchezo wa mtakatifu na mchoyo, na Miller asingekuwa Miller. Katika sehemu ya pili Walter anafunua kwamba baba alikuwa na karibu dola 4,000 muda wote huo. Anafunua pia kwamba baadaye alipiga simu kusema atatoa zile 500, na baba hakufikisha ujumbe. Mzee alimwacha mwanawe akiokota mabaki ya vyakula vya mahotelini ili wale, ilhali fedha zilikuwepo. Je, Victor alijua? Kwa kiasi fulani, alijua. Alimwomba baba msaada, na baba akacheka. Baada ya kicheko hicho Victor alichagua kutouliza tena. Kwa hiyo anayejiita mwathirika ana sehemu yake katika maisha aliyoyapata, na anayeitwa mchoyo alikuwa na sababu ya kukimbia. Miller ameandika wazi katika maelezo yake kwa waongozaji kwamba huruma ya watazamaji igawanywe sawasawa kati ya ndugu hawa wawili. Hilo ndilo sharti gumu kuliko yote, na ndilo linalonifanya niupende mchezo huu kwa Uganda.

Kwa nini? Kwa sababu watazamaji wetu wataingia ukumbini wakiwa tayari wamechagua upande. Kwetu aliyebaki nyumbani kumlea mzee ana haki, aliyekwenda mjini au ng'ambo akatuma pesa za mara mojamoja ana deni. Juu ya hapo Walter ni kaka mkubwa, aliyetarajiwa kubeba mzigo akauacha kwa mdogo. Dakika 40 za kwanza ukumbi mzima utakuwa wa Victor, na watamsema Walter kwa sauti, kama watu wetu wanavyolijibu jukwaa. Kisha siri ya baba inatoka. Nataka kuuona ukumbi wa Kampala wakati huo, watu waliokwisha kutoa hukumu wakilazimika kuirudisha mikononi mwao. Sheria yetu ya Mirathi iliyorekebishwa mwaka 2022 huwapa watoto na wazao asilimia 75 ya mali ya asiyeacha wosia, pale ambapo mwenzi, wategemezi na mrithi wa kimila nao wapo. Asilimia hizo zinagawa mali. Hazina safu ya kuandika nani alimwogesha mzee usiku. Hesabu hiyo inabaki kwa ndugu wenyewe, na Miller ameipeleka hadi mwisho wake.

Kuna tukio ambalo ningelitumia kuwapima waigizaji wenu. Mwisho wa sehemu ya kwanza Solomon amekubaliana na Victor bei ya vitu vyote, dola 1,150, na anamhesabia noti kiganjani, moja baada ya nyingine. Ghafla Walter yuko mlangoni. Ananyosha mkono kumsalimu ndugu yake, na Victor inambidi ahamishe fedha kwenda mkono wa kushoto ili aweze kusalimiana. Miaka 16 ya kimya, na mkono wa kulia una pesa za baba. Halihitaji neno. Waigizaji wakilifanya kwa haraka, au wakiongeza mshangao wa mikono hewani, warudie.

Kiswahili kinamfaa mchezo huu kuliko mingine miwili. Jeshi na polisi wa Uganda wamekizungumza tangu enzi za ukoloni, na familia nyingi za kambini zinakilea kama lugha ya nyumbani. Kwa wazee wengi wa Kampala bado ni lugha ya askari wa kizuizi cha barabarani. Amin alipokitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973 hakukisaidia kupendwa. Kikundi chochote cha Kiswahili kinapambana na kumbukumbu hiyo. Lakini hapa mhusika mkuu amevaa sare ya polisi! Victor akizungumza Kiswahili cha kambini, kifupi, kilichochoka, kinaaminika papo hapo. Walter mpeni Kiswahili sanifu cha mtu aliyesoma, anayepanga sentensi. Solomon mpeni Kiswahili cha pwani cha kizamani, chenye mizunguko na heshima, cha mtu aliyezoea kufanya biashara kwa maneno. Nawasihi msimpe lafudhi ya duka la Mhindi. Itachekesha dakika 5 na kumdhalilisha mzee mwenye binti aliyejiua, jambo analolitaja kwa ufupi na ambalo waigizaji wengi hulipita kama vile ni mzaha mwingine.

Msiuhamishie mchezo Ntinda wala Jinja. Najua kishawishi hicho. Lakini mfilisiko wa 1929 ndio unaobeba hadithi, na ukiutoa mnabaki kutafuta janga la kuweka badala yake: 1972, Waasia walipofukuzwa? 1979, Amin alipoangushwa? Kila moja lina uzito wake na litaumeza mchezo. Acheni Manhattan iwe Manhattan. Watazamaji watasafiri wenyewe.

Samani ni kazi. Jukwaa liwe limejaa: makabati, meza, vitanda, viti vilivyopandana, na katikati kiti kikubwa cha baba. Mafundi wa Nsambya wana vitu vipya vinavyong'aa, havifai. Ombeni kwa familia. Nyumba za zamani Mengo na Entebbe zina makabati mazito yasiyotumika. Mama yao alikuwa na kinubi, nacho kimo darini na kifua chake kimepasuka. Mtu ataleta wazo la kukibadilisha kwa adungu, kinubi chetu cha kienyeji. Hapana. Adungu ni chombo hai, kinachopigwa leo harusini, na kile kinubi cha dhahabu ni alama ya nyumba iliyowahi kuwa na utajiri usiorudi. Chongeni cha mbao nyepesi, mkipake rangi, sauti mtairekodi. Tafuteni na gramafoni, hata mbovu, kwa ajili ya ile santuri ya vicheko ambayo Victor anaipiga mwanzoni.

Udhaifu wake upo. Ni mazungumzo matupu, watu wanne chumbani, hakuna wimbo wala ngoma, na watazamaji waliozoea michezo ya Kampala inayochanganya uchekeshaji na muziki watahangaika sehemu ya kwanza ikilegea. Solomon ndiye dawa. Anamenya yai la kuchemsha, anakula mbele ya wateja wake, anasifu samani kisha anaziponda ili ashushe bei. Kila mtu aliyewahi kuuza kitu sokoni atamfurahia. Bila Solomon hodari, saa ya kwanza ni ngumu kuivuka.

Vibali, na michezo niliyoiacha nje

Sheria ya Hakimiliki ya Uganda ya 2006 inailinda kazi hadi miaka 50 baada ya kifo cha mwandishi. Miller alifariki 2005, Shepard 2017, Fugard 2025. Yote mitatu imefungwa, kwa hiyo andikeni kwa mawakala wa haki zao kuomba ruhusa ya kuigiza na, hasa, ruhusa ya kutafsiri. Hizo ni ruhusa mbili tofauti. Fanyeni hivyo kabla ya kukodi ukumbi. Baraza la Vyombo vya Habari nalo lina mamlaka ya kukagua michezo ya jukwaani, basi pelekeni andiko mapema.

Topdog/Underdog wa Suzan-Lori Parks, ulioshinda tuzo ya Pulitzer mwaka 2002, ni wa ndugu wawili pia na ni mzuri mno, lakini mapigo yake yote yamo katika Kiingereza cha mitaani cha Wamarekani weusi. Sijaona njia ya kuyavusha. The Burdens wa John Ruganda (1972) ni wetu, na nyumba ya yule waziri aliyeanguka inastahili kuchezwa kila baada ya miaka michache, ila kiini chake ni mume na mke. Kama ugomvi wa ndugu si lazima kwenu, anzeni na huo.

Nani achukue upi

Wanafunzi wa chuo wenye nguvu, fundi umeme wao, na ukumbi wa watu wasioogopa kelele: Shepard. Kumbukeni kwamba atawafurahisha vijana na kuwaacha wazazi wao nje, kwani hakuna mtu mzima katika mchezo huo anayestahili kusikilizwa.

Waigizaji wawili wazuri wasio na fedha, wanaotaka kuzunguka shule za Gulu, Mbale, Masaka na Kasese: Fugard, bila kusita. Ni mchezo wa kusafiri nao kwenye sanduku moja. Tengeni muda wa mazungumzo baada ya onyesho, kwa kuwa wanafunzi watataka kuuliza kuhusu Morris na hawatalala bila kujibiwa.

Kikundi chenye watu wa rika mbalimbali, chenye mwanamke wa miaka 40 hivi anayeweza kumcheza Esther bila kumfanya mlalamishi, na watazamaji wenye ndugu, mashamba na makaburi ya wazazi: Miller. Msigawe nafasi za Victor na Walter siku ya kwanza. Wasomeeni waigizaji wote wawili mchezo mzima, kisha waulizeni kila mmoja nani mwenye haki. Anayejibu kwa uhakika kwamba ni Victor, mpeni Walter.

Na huyo Solomon, mtafuteni kwanza kabla ya kulipia chochote. Asiwe kijana aliyepakwa mvi. Kambini, msikitini, kanisani, kwenye magenge ya kahawa ya Bombo, wapo wazee wenye Kiswahili kizuri na subira ya kukariri. Mkimkosa, pigeni simu kwa wenye ukumbi, tangazeni tarehe ileile, na mchukue Fugard.